Rimu za Kupelekea Mahari

Kaka yangu aliamini kwamba mwanaume hawezi kupeleka mahari Kimamba kwa gari lenye rimu za chuma za inchi kumi na nne, zilizofunikwa vifuniko vya plastiki. Alilisema hilo mezani tukiwa tunakula, kwa utulivu wa mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote. Mama akamuuliza kama wakwe wameomba rimu.

"Wakwe hawaombi rimu, Mama," alijibu. "Wanaziangalia."

Nilicheka. Hakupenda.

"Wewe msomi cheka tu," akasema. "Ila kesho kutwa unanisindikiza Mikumi. Kule nataka mtu wa kusoma namba za matairi, nisipigwe."

Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi Kilosa kusubiri ajira, kwa hiyo kila mtu nyumbani alikuwa na haki ya kunituma. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la Kijapani, rangi ya fedha, lililonunuliwa likiwa limeshachoka. Kaka ni dalali wa mpunga. Gari lile lilikuwa linakwenda Tindiga kila wiki na kurudi na magunia kwenye buti na kwenye kiti cha nyuma, na pumba zake hazikuwahi kuisha kwenye mazulia hata lilipooshwa. Lilikuwa gari la kazi na lilifanana na kazi. Sikuona aibu yoyote ndani yake.

Lakini nilijua alichokuwa anakiogopa. Mchumba wake anauza kwenye duka la dawa hapa mjini, na mama wa mchumba, ambaye ni mjane, anakaa Kimamba katika nyumba aliyoachiwa na mumewe. Barua ya posa ilipokwenda, ilikaa kwa mjane muda mrefu kuliko kawaida. Jibu liliporudi lilikuwa la kukubali, ila mshenga wetu, ambaye ni baba yetu mdogo, alileta na maneno ambayo hayakuandikwa. Mjane alikuwa amemwambia, "Kijana wenu ana haraka ya kuonekana. Nitamtazama vizuri siku ya mahari. Nikiona siyo, nitasema siyo, hata kama mmeshakula chakula changu."

Kaka alimpenda binti yule kwa dhati. Nina shaka na mambo mengi, ila hilo sikuwa na shaka nalo. Tatizo ni kwamba alisikia neno "nitamtazama" na akaenda kulitafutia rangi ya kung'aa.

Kulikuwa na jambo jingine pia, na wote nyumbani tulilijua. Mume wa yule mama alifia kwenye barabara kuu, karibu na Mikumi, gari lake lilipogongana na lori. Ndugu walipofika, gari lilikuwa limeshavuliwa kila kitu: magurudumu yote, betri, redio. Marehemu alikuwa amelazwa kwenye majani, hana viatu. Wifi yangu mtarajiwa aliwahi kunisimulia hilo dukani kwake, huku akipanga maboksi ya dawa kwenye rafu bila kunigeukia.

"Magurudumu sawa, wifi," aliniambia. "Betri sawa. Ila viatu. Kuna mtu alivivaa akaenda navyo kwake, watu wakamsalimia, naye akaitikia."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi.

Siku ya kwenda Mikumi tulitoka asubuhi. Kaka aliendesha polepole kwenye vipande vya vumbi na kwa kasi kwenye vipande vya lami, akiimba nusunusu. Tulipotokea kwenye barabara kuu, malori yalikuwa yamepanga mstari, na hewa ilikuwa na harufu ya breki zilizoungua pamoja na nyama ya mbuzi. Pembeni alilala nyani aliyegongwa, amekanyagwa mara nyingi hata akabaki bapa kama gunia tupu. Wanawake wawili wenye beseni za ndizi walikuwa wamesimama hatua chache kutoka hapo, wanaongea. Nikajiuliza mtu huzoea baada ya muda gani. Kisha nikaona kwamba hata mimi nilikuwa nimeshaangalia pengine.

Banda la muuza rimu lilikuwa nyuma ya safu ya gereji. Rimu zilitundikwa ukutani kutoka chini hadi kwenye bati, kama sufuria kwenye duka la vyombo. Mwenyewe alikuwa mwanaume mnene mwenye fulana ya timu ya mpira, mchangamfu, mwenye desturi ya kumgusa mtu bega anapomdanganya.

"Karibu boss. Gari dogo hili linadai inchi kumi na saba," alisema kabla hatujamwambia chochote. "Kumi na nne ni ya mwalimu mstaafu."

Kaka akacheka kicheko cha mtu aliyeeleweka.

Muuzaji alishusha ya kwanza, nyeusi, yenye mikono myembamba kama buibui. Nikahesabu matundu ya nati. Matano. Gari letu lina manne.

"Hilo siyo tatizo, sista. Tunachonga mengine."

"Mnachonga matundu mapya kwenye rimu?"

"Kwa drili tu. Dakika mbili."

"Halafu gurudumu likichomoka?"

"Wewe sista una mawazo mabaya," alisema, na akamgeukia Kaka. "Boss, huyu ni nani wako?"

"Mdogo wangu. Amesoma."

"Ah," akasema muuzaji, kama mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa ana homa.

Tulikaa pale hadi jua likapanda. Kaka alitaka kubwa zaidi. Nikamweleza kile nilichokuwa nimekisoma usiku uliotangulia. Rimu ikikua, tairi lazima lipungue unene, ili kimo cha gurudumu zima kisibadilike sana. Kisipolingana, spidomita inadanganya, na gari likibeba mzigo tairi linasugua ndani ya fenda. Na tairi likiwa jembamba, shimo lolote la njia ya Tindiga linaipiga rimu yenyewe. Chuma hupinda na kunyooshwa. Aloi hupasuka.

"Mpunga utabebaje?" nikamuuliza.

"Siku ya mahari sibebi mpunga."

"Na siku inayofuata?"

Alikuwa ameshaiona aliyoitaka: rangi ya fedha, mikono mitano iliyopinda kidogo upande mmoja, kama feni iliyosimamishwa. Matundu manne. Nilikiri ilikuwa nzuri. Kitu kinaweza kuwa kizuri na bado ukatamani kunawa mikono baada ya kukishika.

Yalibaki matairi. Muuzaji alituletea manne yaliyopakwa dawa nyeusi hadi yanameremeta. Niliyageuza moja baada ya jingine, nikasoma namba. Mawili yalikuwa ya upana mmoja na mawili ya upana mwingine, na yote yalikuwa na kimo kikubwa kuliko kile nilichokipigia hesabu. Niliulizia yale membamba zaidi. Akasema yapo, ila moja tu. Nikapitisha kidole kwenye mifereji ya tairi moja alilolitenga kwa nyuma. Kingo zilikuwa kali mno, na chini ya mfereji nyuzi zilikuwa zinachungulia. Lilikuwa tairi lililokwisha, likachongwa mifereji upya kwa kisu cha moto. Kidole changu kilitoka cheusi, kinanata, kinanuka sabuni na mafuta ya taa.

"Hili limechongwa," nikasema.

"Kila kitu duniani kimechongwa, sista."

"Kaka, tairi hili limekufa."

"Ni la nyuma," Kaka akasema. "Nyuma halina kazi."

Hilo ndilo jambo linalonichosha kwetu. Mtu hasemi uongo ili wewe uuamini. Anausema ili nyote wawili mpate pa kusimamia mpaka biashara iishe. Nikagomba hadi muuzaji akaleta mawili mengine ya nyuma, yenye uhai kidogo. Kimo chake bado kilikuwa kikubwa. Kaka alisema yanajaza fenda vizuri, gari linakuwa na kifua. Hapo nikaacha habari za kimo, nikauliza swali nililokuwa nalo tangu tufike.

"Rimu hizi zimetoka wapi?"

"Japani," alisema muuzaji.

"Zote?"

Aliniangalia kwa mara ya kwanza bila tabasamu. Sidhani alikasirika. Nadhani alichoka tu kidogo.

"Nyingine Japani. Nyingine hapa hapa. Barabara inatoa, sista."

Alisema hivyo, kama mtu anayesema kisima kinatoa au mti unatoa. Nikamvuta Kaka pembeni, nyuma ya rundo la matairi.

"Unajua baba wa mchumba wako alifia wapi?"

"Najua."

"Unataka kwenda kwa mjane na kitu kilichovuliwa kwenye gari la maiti?"

"Nani kasema ni la maiti? Kuna ajali watu wanatoka wazima."

"Muulize basi."

"Nimuulize nini? Atajua vipi? Barabara hii inaua kila siku. Utaacha kununua nyanya kwa sababu zinauzwa pembeni yake?" Akanishika mkono, akashusha sauti. "Mdogo wangu, yule mama hanitaki. Unaelewa? Nikifika pale kama muuza mpunga, ataniona muuza mpunga. Naomba unisaidie siku hii moja tu."

Nilikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba yeye ni muuza mpunga, na kwamba hilo halina ubaya. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Akarudi kwa muuzaji, wakapeana mikono. Rimu zetu za zamani na matairi yake zikabaki pale kama sehemu ya malipo.

Kurudi Kilosa nilihisi kila jiwe kwenye uti wa mgongo. Kaka alisema gari sasa limetulia.

Siku ya mahari tulikuwa wanne: Kaka, Baba Mdogo, Shangazi na mimi. Shangazi ni mwanamke wa mwili, Baba Mdogo naye hajambo, na tulikuwa tumebeba vitenge, blanketi la bibi na mfuko wa mchele. Kila tulipopita tuta, matairi ya nyuma yalisugua fenda kwa sauti ya mtu anayechana nguo.

"Gari lako linalia," Shangazi akasema.

"Jipya hilo, Shangazi. Litazoea."

"Mimi ndiyo nizoee au lenyewe?"

Baba Mdogo alicheka hadi kofia ikamshuka. Ndani ya gari kulinuka mpira ulioungua. Nilifungua dirisha, vumbi la Kimamba likaingia, Shangazi akaniambia nifunge.

Tuliingia uani kwa mjane taratibu. Kaka alikuwa ameamka alfajiri kuziosha rimu na kuyapaka matairi dawa nyeusi. Aliliegesha gari ubavu, ili zionekane. Ndugu wa upande wao walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki barazani. Tukashuka, tukaanza kuamkia. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Mjane alitoka ndani akiwa amevaa kitenge kipya na kilemba chake, mwanamke mrefu, mkavu, asiye na haraka. Nikampa shikamoo yangu. Akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anaangalia magurudumu.

Alishuka ngazi za baraza, akapita katikati yetu, akalizunguka gari. Kisha akapiga magoti. Kwa kitenge chake kipya alipiga magoti kwenye vumbi, akaingiza mkono nyuma ya mkono mmoja wa rimu, akapapasa. Akahamia mkono wa pili. Alimaliza gurudumu la kwanza, akainuka kwa kujishika kwenye mlango, akaenda la pili. Kaka alisogea.

"Mama, utachafuka."

Aliendelea kupapasa. Binti yake, wifi yangu, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Ndiye aliyetueleza, kwa sauti ya chini.

"Gari la Baba lilikuwa na rimu za namna hiyo. Moja ilipasuka kwa ndani, akaiunganisha kwa fundi wa hapa. Kovu lake Mama analijua kwa kidole. Kila akiona gari lenye rimu hizo anakagua. Sokoni, kanisani, popote."

Sijawahi kuona muda ukienda polepole namna ile. Kaka alikuwa anatokwa jasho kwenye mdomo wa juu. Mjane alimaliza la nne, akakaa chini kidogo, mikono yake imekuwa myeusi kwa dawa ya matairi hadi kwenye vifundo.

"Si zake," alisema.

Kaka alishusha pumzi ambayo wote tuliisikia, na akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa cha mtu aliyekuwa anazama akagusa chini.

"Mungu mkubwa," alisema. "Mungu mkubwa, Mama."

Baba Mdogo naye akaitikia, "Afadhali." Na barazani nikasikia watu wao wakisema afadhali, afadhali, viti vikaanza kusogezwa, mtu akauliza maji ya kunawa yako wapi.

Mjane aliinuka.

"Unamshukuru Mungu kwa lipi, baba?" alimuuliza Kaka kwa upole.

"Kwamba si zake, Mama."

"Ni za nani?"

Kaka akatabasamu, akaniangalia, akamwangalia Baba Mdogo.

"Nimekuuliza wewe, baba. Kama si za mume wangu, ni za nani?"

"Nimenunua, Mama. Mikumi."

"Sawa," akasema mjane. Akaenda kunawa mikono. Dawa ile haitoki kwa maji peke yake.

Kilichonichefua zaidi ni ile afadhali. Nimeifikiria mara nyingi. Watu wazima, wacha Mungu, waliokwenda kumzika yule mzee na kulia kwelikweli, walijua walichokuwa wanakitazama. Walijua rimu za namna ile hutoka wapi. Lakini kwa kuwa kovu halikuwapo, kitu kilikuwa kimesafishika, tukaingia ndani kujadili mahari. Hata mimi niliingia, kwa sababu Shangazi alinishika kiwiko na kuniambia nisianze.

Majadiliano yalikwenda vizuri. Kwa upande wao msemaji alikuwa baba mkubwa wa binti, mzee mwenye utani mwingi. Alipokea ada ya kilemba, akapokea blanketi la bibi, akalivuta na kusema hili ni la bibi mwembamba, bibi wa kwao ni mnene, tulete la watu wawili. Baba Mdogo akamjibu kwamba bibi mnene hahisi baridi. Watu wakacheka. Tukafika kwenye mkaja, kitambaa ambacho mama wa binti hupewa kwa ajili ya tumbo alilofunga baada ya kumzaa. Shangazi akapiga kigelegele na kuweka vitenge mezani.

Kwa kawaida mama huwa hasemi chochote hapo. Mjane alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Akalisogeza, akaingia.

"Vitenge hivyo ni vizuri," alisema. "Rudini navyo. Mkaja wangu nataka rimu zile zirudi zilikotoka. Mikumi kuna kiwanja ambako magari ya ajali huvutwa na kuachwa. Tulikwenda pale kulitazama letu, tukakuta wengine wanatafuta yao. Mzipeleke pale. Mwenye nazo akija azikute."

"Mama," Kaka akasema, "mwenye nazo pengine hata…"

"Najua pengine. Ana watoto."

Baba mkubwa wa binti akakohoa, akamtazama mshenga wetu. Wakanong'ona. Niliwaona wakiligeuza jambo lile mikononi mwao kama blanketi, wakilipima, na mwisho Baba Mdogo akasema kwa sauti ya furaha, "Hilo jepesi. Tumekubali." Likawa kipengele cha mahari. Likapigiwa makofi. Mjane alituambia kwamba likishafanyika tumjulishe binti yake, kisha wao wawili watatupa jibu la mwisho. Kisha tukala pilau. Mimi nilikula saladi.

Tulirudi Mikumi wiki ile ile, Kaka na mimi. Muuzaji alitupokea kwa kutugusa mabega. Rimu zetu za chuma zilikuwa bado zipo, akatuuzia kitu chetu wenyewe, akatufungia. Hakuuliza kwa nini, na sikutegemea aulize. Rimu za aloi, zikiwa na matairi yake, tukazipakia kwenye buti na kiti cha nyuma, mahali pa mpunga.

Kiwanja chenyewe kiko nje kidogo ya mji. Ni mali ya mtu mwenye gari la kuvutia magari ya ajali. Kina ukuta wa tofali ulioanguka upande mmoja, na ndani magari yamelala namna zote, majani yametokeza kwenye madirisha. Karibu yote hayana magurudumu. Mlinzi alikuwa anafuga kuku ndani ya basi dogo lililopondeka mbele. Kuku walikuwa wametaga kwenye viti. Alituuliza kama tunataka mayai.

Nilimweleza tulichokuja kukifanya. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Wekeni tu popote," akasema.

"Utaziangalia?"

"Mimi naangalia magari, dada. Hizo si magari."

Nikamwambia Kaka tutafute gari lenyewe. Labda kuna moja la ukubwa ule lililobaki na rimu moja ya namna ile, au kifuniko chake cha katikati. Ilikuwa kazi ya saa moja. Akasema jua kali. Akazipanga nne kwenye ukuta, akatoa kitambaa mfukoni, akazifuta vumbi moja moja, akarudi nyuma na kuzipiga picha kwa simu. Akaiangalia picha, akasogeza moja iliyokuwa imeinama, akapiga nyingine. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumwona kama mtu nisiyemfahamu.

Ng'ambo ya barabara kuna mama lishe. Kaka aliagiza chai na chapati, mimi nikaagiza maji. Tulikuwa tunauona ukuta kutoka pale tulipokaa. Kabla chai haijapoa, guta la mizigo la magurudumu matatu lilisimama mbele ya pengo la ukuta, na muuzaji wetu akashuka, yuleyule, na fulana yake ya mpira. Alizipakia mwenyewe. Alipoinua macho akatuona. Akatupungia mkono.

"Kaka," nikasema.

"Nimeona."

"Twende."

"Tukafanye nini? Tumesharudisha. Mama alisema zirudi zilikotoka, hakusema tuzilinde." Akachovya chapati. "Picha ninayo."

Nilivuka barabara peke yangu. Muuzaji alikuwa anafunga kamba.

"Sista, mbona umeacha chai?"

"Hizo zina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Zimewekwa ili azikute."

Alilifikiria hilo kweli, kidole kwenye fundo la kamba.

"Azikute vipi? Nisipochukua mimi atachukua mwingine. Huyo mlinzi ndiye aliyenipigia simu. Kwangu zitatundikwa ukutani, akipita ataziona. Aje, tutaongea bei."

Nilishika gurudumu moja, nikavuta. Akanitazama tu, bila hasira, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyezidiwa na jua. Mlinzi akaja akaniambia nitachafuka. Guta likaondoka na nikabaki na weusi ule kwenye viganja. Niliporudi kwa mama lishe, Kaka alikuwa anasubiri chenji na kumtumia mchumba wake picha.

Jioni wifi alinipigia mimi.

"Nimepata picha," alisema. "Nzuri. Zinang'aa. Mmezirudisha kweli?"

"Tulizirudisha."

"Mbona unasema hivyo?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari za mlinzi na guta, na kwamba ni yuleyule aliyetuuzia. Hakulia wala kushangaa. Alikuwa amekulia Kimamba na barabara ile ilishamfundisha. Nikasikia mtu upande wake akiomba dawa ya kikohozi, akamwambia asubiri.

"Wifi, nakuuliza kitu kimoja. Yeye alipoona zinaondoka alifanya nini?"

Ningeweza kusema alikimbia nyuma ya guta. Ningeweza kusema hakuona. Mama yetu, alipojua baadaye, aliniuliza kwa nini sikusema hivyo, ni neno moja tu, na ndoa ingesimama. Sijui watu wanataka ndoa isimame juu ya nini.

"Alimalizia chai," nilisema.

"Haya," akasema. "Asante."

Baba mkubwa wa binti alikuja Kilosa mwenyewe kurudisha mahari, kwa pikipiki, blanketi limefungwa nyuma. Safari hii hakuwa na utani. Alisema mama wa binti amekataa, na binti naye amekataa, kila mmoja kwa mdomo wake, na kwamba hawana ugomvi na sisi. Baba Mdogo alijaribu kuuliza kama kuna faini inayoweza kulipwa. Mzee akasema hakuna. Kaka alikaa kwenye kochi, akitazama sakafu, na machozi yakamtoka kweli, mtu mzima. Nilimhurumia. Huruma haikuondoa kinyaa, vilikaa pamoja.

Aliniambia mimi ndiye niliyemharibia. Nilimwambia nilijibu nilichoulizwa. Hatukuongea mwezi mzima, ingawa tulikula meza moja.

Mpunga wa Tindiga bado anabeba, kwa rimu za chuma. Mama akiishiwa dawa za presha ananituma mimi, kwa sababu Kaka hapiti tena mtaa wa lile duka la dawa. Binti ananihudumia vizuri, ananieleza namna ya kumeza kana kwamba sijui, ananifungia kwenye karatasi. Sasa ananiita dada.